Tongoni: mji wa Kasongo uliokosa mchoraji

Jina lenyewe linaeleza. Tongo ni mahali watu walipoishi, wakahama, pori likarudi. Pale Tongoni ndipo ilipokuwa Kasongo ya zamani, makao ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye wazee wa Maniema wanamwita Mtipula.

Tarehe 22 Aprili 1893, jeshi la Dhanis, la Dola Huru la Kongo, liliuteka mji huo kutoka kwa Sefu, mtoto wa Tippu Tip. Nyangwe ilikuwa imekwisha kuanguka mwezi wa Machi. Kabambare, kituo kikubwa cha njia ya Ujiji, ilifuata Januari 1894.

Daktari wa jeshi hilo, Mwingereza Sidney Hinde, aliandika kitabu mwaka wa 1897. Anasema Kasongo ilipita Nyangwe kwa uzuri. Chumba alichojichukulia kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, yaani karibu mita 24 kwa mita 4 na nusu, na mlango wake ulitokea kwenye bustani ya machungwa. Ndani ya mji kulikuwa vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, na maghala yaliyojaa mchele, kahawa na mahindi.

Utajiri ule ulitoka kwenye pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Watu waliofanya kazi ya kujenga na kulima hawakulalia hariri. Kwa hiyo anayeuchora mji ule achore na wao pia.

Baadaye Wabelgiji walihamishia kituo chao mahali ilipo Kasongo ya leo. Picha za Maniema zilizosambaa Ulaya wakati ule zilichongwa na mafundi wa huko ambao hawakufika huku. Ile inayojulikana zaidi, katika kitabu cha Livingstone cha 1874, inaonyesha mauaji ya soko la Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871. Ni habari ya kweli, lakini kwa wasomaji wa mbali Maniema ikabaki bunduki na minyororo tu. Baraza, milango na vivuli vya miembe havikupata mchoraji.

Watafiti wa akiolojia wamechimba Tongoni na kuwasikiliza wazee. Udongo unatoa vigae na misingi. Mambo mengine yamo vichwani mwa watu.

Hilo linazigusa familia zilizokimbia vita huko Kabambare na sehemu nyingine. Nyumba ikiungua, inabaki kwa yule anayeikumbuka. Karatasi ya daftari na kalamu ya mtoto zinatosha. Mama aseme mlango ulitazama wapi, vyumba vilikuwa vingapi, jiko lilikuwa upande gani, jirani wa kushoto alikuwa nani, kisima kilikuwa hatua ngapi. Mtoto achore, kisha aandike jina la kijiji na mwaka.

Tongoni ilisubiri mgeni aieleze. Vijiji vya leo vina wenyeji wake, na wako hai.