Mlima wa Mombo na Peugeot ya Shankland

Wanaotoka Mombo kwenda Lushoto wanaijua hii: gari limekuja vizuri toka Korogwe, likianza kupanda kuelekea Soni linakohoa. Fundi anasema badili plagi. Unalipia plagi nne, kikohozi kiko palepale! Jamani, geji iko wapi?

Enzi za kabureta fundi alitega sikio tu, na mara nyingi alipatia. Kisha mwaka 1966 Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akashinda Safari Rally kwa Peugeot 404 ya injekta, akarudia 1967. Pampu yake haikuwa na kompyuta. Chuma kitupu kiligawa petroli kwa kila silinda.

Baadaye pampu za umeme zikahamia ndani ya tangi, na injini nyingi za injekta hutaka PSI 40 hivi. Pampu iliyochoka hutosha kwenye tambarare, ila mlimani injini hunywa zaidi. Basi funga geji, kanyaga mafuta, tazama mshale. Ukishuka, anza na chujio na pampu. Ukitulia, ndipo injekta zifunguliwe, kila moja inyunyize kwenye chupa yake, ulinganishe.