Tuliucheza Ukuti Bila Kuuona Mnazi

Nyinyi dada zetu mnaoishi visiwani, katikati ya minazi, huenda jambo hili hamjawahi kulishangaa. Sisi tuliokulia Kigongo, upande wa Misungwi, kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, tumecheza ukuti tangu hatujang'oka meno ya utoto, na kijijini kwetu hakukuwa na mnazi hata mmoja. Tulishikana mikono, tukazunguka, tukaimba habari za jani la mti ambao hakuna kati yetu aliyeujua. Mmoja wetu aliamini mpaka darasa la tatu kwamba ni ukuta, na kwa hiyo aliona sawa kabisa kwamba mwisho wake ni kuanguka.

Mchezo wa pwani ulifikaje ziwani? Tukiwauliza mama zetu, jibu lao ni moja: walimu. Kiswahili chenyewe kilishafika Mwanza zamani, kwa wafanyabiashara na kwa reli ya kutoka Tabora iliyofika mjini mwaka 1928. Lakini vijijini watoto walizungumza Kisukuma, na miji yao ilikaa mbalimbali, kila familia na ng'ombe wake. Miaka ya 1970 ndipo mambo yalipogeuka. Watu walihamishiwa vijiji vya pamoja, nyumba zikapangwa mistari, na ghafla uwanja mmoja ukawa na watoto wa kaya nyingi. Novemba 1974, kule Musoma, TANU ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule ya msingi awe darasani. Walimu wakapelekwa huku na huku. Sasa fikiria mwalimu kijana aliyezaliwa pwani, mbele yake watoto wa darasa la kwanza wasiojua Kiswahili. Huwezi kuanza na kitabu. Sisi tunaamini wengi wao walianza na duara, kwa sababu kwenye duara asiyejua maneno huvutwa na mkono wa jirani yake mpaka ayajue.

Si kwamba bibi zetu hawakuwa na michezo yao. Walicheza usiku wa mbalamwezi, wakikimbizana kati ya zizi na ghala, na walipenda kugawana pande mbili, kama wakubwa wanavyogawana Bagika na Bagalu kwenye ngoma za mashindano baada ya mavuno. Shule haikuifuta michezo hiyo. Iliiongezea.

Mchezo wa mama na simba, kwa mfano, tuliucheza mpaka magoti yakachubuka. Mama anasimama mwisho mmoja wa uwanja, watoto mwisho wa pili, simba katikati. Mama anawaita wanawe, wanajibu kwamba wanaogopa, anawaita tena, kisha wote wanatoka mbio. Aliyekamatwa anakuwa simba naye. Kwa hiyo kila raundi simba wanaongezeka na watoto wanapungua, na yule wa mwisho anaitwa na mama huku mbele yake kuna simba kumi. Watoto wa miaka minne tuliwapa ndugu mkubwa wa kuwashika mkono. Hatukuwatoa mchezoni.

Na ule wa kutaja nyama, ambapo mnasimama duara na kuruka kiongozi akitaja mnyama anayeliwa, sisi tuliutia samaki. Sato, ruka. Sangara, ruka. Furu, ruka. Mtego ulikuwa kamongo, kwa sababu pande hizi wanawake wengi hawamli. Wavulana waliruka, wasichana tukabaki chini, na anayekosea ndiye anayekimbizwa na wote. Bibi zetu walituambia kwamba wao wakati wao hawakuwa na sangara wa kumtaja. Ni kweli, samaki huyo alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na miaka ya 1980 ndiyo tulimwona akijaa na aina nyingi za furu zikitoweka.

Tukifika miaka kumi hivi, wasichana tulianza kuambiwa mtoto wa kike hakimbii ovyo. Hilo tulilipokea bila kuuliza. Baadaye ndipo tukasikia hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) aliyeshindana mbio na Mtume (S.A.W.), akashinda mara ya kwanza na kushindwa mara ya pili, tukatazamana.

Lakini mchezo wenyewe tuliuelewa tulipokuwa mama. Kigongo ilikuwa kituo cha pantoni ya kwenda Busisi. Magari yalipanga foleni saa mbili, wakati mwingine zaidi, na sisi tulifanya biashara kwenye foleni hiyo: karanga, samaki wa kukaanga, na sisi wengine watatu na vyerehani vyetu chini ya mti, tukirekebisha zipu na mapindo ya abiria. Watoto walikuwa hapohapo, na maji yako hatua chache. Ziwani kuna kichocho, kuna mamba, kuna kina. Mikono iko kazini, mgongo umelipa ziwa kisogo. Utamlindaje mtoto?

Unamwambia acheze ukuti. Duara halifichi aliyekosekana. Pengo linaonekana mara moja, na watoto wenyewe hupiga kelele kwamba fulani katoka. Tena wanaimba, kwa hiyo unashona na sikio liko kwao. Fundi anajua kushona nguo na kusikiliza. Wimbo ukikatika, unainua kichwa.

Siku moja wimbo ulikatika na hatukuinua kichwa. Basi mbili zilikuwa zimefika pamoja, wateja wakatuzunguka. Tulipomaliza, mtoto wa mwenzetu, wa miaka mitano, alikuwa amesimama kwenye magugu maji, maji yamefika kiunoni, anafuata mpira. Mvuvi alimtoa. Hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa sauti siku ile, na hatujalizungumza sana tangu hapo.

Daraja lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na gari linavuka kwa dakika chache. Tulishangilia kama wengine. Tumewahi kuona wagonjwa wakisubiri pantoni, hatutasema tunaitaka foleni irudi. Ila foleni ilipoondoka, biashara iliondoka nayo, akina mama wakatawanyika, wengine Usagara, wengine Mwanza mjini, kila mmoja na chumba chake cha kupanga na mtoto wake mmoja au wawili ndani na simu. Watoto wawili hawafanyi duara.

Sisi tuliobaki na vyerehani tumehamia karibu na barabara, tumechagua upande wenye uwanja, na wateja wakija na watoto tunawaambia wawaache wacheze. Jumamosi iliyopita walifika tisa. Binti wa miaka minne kutoka mjini alikataa kushika mikono mpaka aambiwe ukuti ni nini. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumwonyesha, mpaka mmoja wetu akachukua fagio la chelewa lililokuwa nyuma ya mlango, lile tunalonunua sokoni, likitoka huko kwenu. Tukamwambia hizi njiti ndizo uti wa jani lenyewe. Akachomoa moja, akaipunga hewani, akaenda nayo kwenye duara.