Ugonjwa wa Kukumbuka Kwao

Mwaka 1688, Johannes Hofer, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akisomea udaktari mjini Basel, Uswisi, aliandika tasnifu juu ya maradhi ambayo vitabu vya tiba havikuwa na jina lake. Aliunga maneno mawili ya Kigiriki, nostos, yaani kurejea kwao, na algos, maumivu, akapata nostalgia. Leo Waingereza hulitumia neno hilo kwa utamu wa kukumbuka nyimbo na sinema za zamani. Kwa Hofer lilikuwa suala la kufa na kupona: mgonjwa hali, halali, anakonda, na asiporudishwa huzikwa ugenini.

Wapo wanaosema kwamba kilichokuwapo ni kifua kikuu au homa ya matumbo iliyopewa jina la kisomi. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa askari wa makambini, huenda ni kweli. Lakini Hofer anamtaja mwanafunzi kutoka Bern aliyeanza kupata nafuu akiwa bado njiani kurudi kwao, na binti wa mkulima aliyelazwa hospitalini, akakataa chakula na dawa, akapona alipofikishwa nyumbani. Kifua kikuu hakiponi kwa kufunga mizigo. Madaktari waliomfuata Hofer walitafuta chanzo pasipo chanzo: Scheuchzer wa Zurich alilaumu hewa nzito ya nchi za chini inayoukandamiza mwili wa mtu wa milimani. Milima haikuhusika. Waliougua sana walikuwa Waswisi waliokodiwa kupigana katika majeshi ya wafalme wa kigeni. Mwanafalsafa Rousseau aliandika mwaka 1768 kwamba walikatazwa hata kupiga wimbo wa wachungaji wa kwao, kwa adhabu ya kifo. Kilichowaua ni kufungwa na mkataba.

Ndiyo maana neno lilihama kutoka kutamani mahali kwenda kutamani wakati uliopita pale reli, meli za mvuke na posta zilipoifanya safari ya kurudi kuwa jambo la nauli tu. Mtu atauliza: mbona madaktari wa jeshi la Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, waliandikisha wagonjwa wa nostalgia zaidi ya 5,000, ilhali treni zilikuwapo? Treni humfaa mwenye ruhusa. Askari hakuwa nayo, na ruhusa hiyo, dawa iliyoaminiwa tangu Hofer, ndiyo ambayo makamanda waliogopa kuitoa.