Kutoka kwa Msichana wa Kazi Hadi Kutu ya Chuma

Haya wasomaji wangu, leo tuipumzishe siasa. Tuongelee tangi la samaki. Najua kuna watakaosema mwandishi kaishiwa habari, lakini subirini kidogo, kuna kisa humu.

Mwaka 1846 mama mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay akayapeleka nyumbani kwake London. Sasa London hakuna bahari. Maji ya bahari yakikaa chomboni huchoka: hewa hupungua na uchafu wa viumbe hujaa. Dawa yake ikawa kuyamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku. Nani aliyekuwa akimimina? Msichana wake wa kazi. Historia inamkumbuka bibi mwenye nyumba. Mimi namkumbuka huyo msichana. Yeye ndiye aliyekuwa pampu.

Baadaye Thynne aliongeza mwani. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington akaeleza kwa nini mimea husaidia: aliweka samaki, majani na konokono katika chombo kimoja, kila mmoja akaishi kwa mabaki ya mwenzake. Mwaka 1871 William Alford Lloyd akaja na njia ya kitajiri zaidi katika Crystal Palace, London: hifadhi kubwa ya maji chini ya jengo, yakizungushwa kwa pampu. Uchafu ukapotea katika wingi wa maji. Lakini wewe mwenye tangi la lita 60 sebuleni utaitoa wapi hifadhi hiyo?

Jibu moja lilitoka Jakarta. Mwaka 1961 Lee Chin Eng alieleza jinsi anavyotunza matangi yake kwa mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe vyake. Bakteria wa kwenye mawe hayo hubadili uchafu wa samaki kuwa naitreti, na wale wa ndani kabisa, kusikofika hewa, huigeuza naitreti kuwa gesi ikaenda zake.

Hapo bado kuna mkaidi mmoja: fosfeti. Huingia na kila chakula unachowapa samaki, na haigeuki gesi. Ikizidi, mwani hufunika kila kitu na matumbawe hushindwa kujenga mifupa yake vizuri.

Aliyemkamata mkaidi huyu hakuwa akimtafuta. Miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kilitengeneza chembechembe za kutu ya chuma kwa ajili ya kuondoa sumu ya aseniki katika maji ya kunywa. Ni wazo lile lile la wenzetu wa Ngurdoto, Arusha, wanaoondoa floridi kwa mkaa wa mifupa. Kumbe fosfeti inafanana sana na aseniki kikemia, nayo hunasa kwenye kutu hiyo hiyo! Wafuga matumbawe wakaidaka habari.

Chembechembe hizo huwekwa kwenye mtungi mwembamba uitwao riakta. Pampu ndogo husukuma maji polepole kutoka chini, zikawa zinatikisika kidogo tu. Ukizidisha kasi, zinasagana na kuwa vumbi. Zikishiba fosfeti, unazitupa na kuweka nyingine.

Na hapa ndipo wengi walipoumia. Matumbawe hubeba mwani mdogo mwilini, na mwani huo nao unahitaji fosfeti kidogo. Katika tangi dogo, kiganja kimoja cha kutu kinaweza kuimaliza yote kwa siku chache. Matumbawe yanapauka, mengine yanakufa katika maji yanayong'aa kama kioo. Ndiyo maana wenye uzoefu huanza na nusu ya kipimo na kupima maji kila mara.

Tangu msichana yule wa London, binadamu amehangaika kuondoa uchafu. Imemchukua zaidi ya miaka 150 kujua kwamba usafi nao una kipimo chake. Bahari ilikuwa inajua siku zote, na haikututoza hata senti.

Wewe unasemaje?