Ruzuku Imfuate Asiye Nacho

Ndugu msikilizaji, wiki hii nina neno moja ambalo hulisikia kila msimu wa bajeti kisha ukalisahau: ruzuku.

Kwetu Mara neno hili lina historia. Wamisionari wa Kimenonaiti walifika Shirati mwaka 1934, nayo hospitali yao ikawatibu watu wa Tarime miaka mingi kabla upande ule haujawa wilaya ya Rorya mwaka 2007. Kule Mugumu, Serengeti, hospitali ya kanisa hilohilo iitwayo Nyerere ikafanywa hospitali teule ya wilaya. Maana yake jengo ni la kanisa, lakini Serikali inatoa ruzuku ya mishahara na uendeshaji ili mwananchi apate tiba.

Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama hospitalini. Nilikuwa shule ya msingi, Tarime. Namkumbuka bibi yangu akiuza kuku wawili kabla ya kwenda kutibiwa. Aliyekosa kuku alibaki nyumbani na maradhi yake.

Mwaka 1996, Igunga mkoani Tabora, ukaanza Mfuko wa Afya ya Jamii, na sheria ya mwaka 2001 ikaufungulia njia wilaya nyingine. Ruzuku yake iliitwa tele kwa tele: wananchi wakichanga shilingi, Serikali inaongeza shilingi. Wazo zuri, lakini hebu tufikiri pamoja. Kijiji kilichovuna kinachanga na kuongezewa. Kijiji kilichopigwa na ukame, au kilichoporwa ng'ombe usiku, hakichangi, na ruzuku hakiioni. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Miaka ya 2000 Serikali ikaleta hesabu nyingine ya kugawa ruzuku ya afya wilayani: asilimia 70 kwa idadi ya watu, na 10 kwa kila kimoja kati ya umaskini, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, na urefu wa njia za magari ya afya. Hapo umaskini na umbali vikawa sababu ya kuongezewa.

Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wanaopanga fedha zake wachague hesabu ya pili. Bibi asiye na kuku ndiye aanze kuhesabiwa.