Wajumbe wa bodi za ushauri: Walezi wa asasi za sera zinazoendeshwa na wanafunzi

WANAFUNZI wa chuo kikuu wanapounda asasi ya kuchambua sera za umma, mara nyingi huwa na fikra nyingi, lakini hukosa uzoefu, fedha na watu wa kuwafungulia milango ya ofisi za serikali. Pengo hilo huzibwa na bodi ya ushauri, chombo kinachowakusanya watu wazima waliobobea ili wawasaidie vijana bila kuwapokonya usukani.

Nchini Marekani, ambako asasi za aina hii zimeota mizizi, wajumbe wa bodi hizo huwa ni maprofesa, wanasheria, wanahabari, wanasiasa walioko madarakani au waliostaafu, pamoja na wahitimu waliowahi kuongoza asasi husika walipokuwa masomoni. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, nafasi yao inakaribiana na ile ya mlezi wa chama shuleni au chuoni.

Hata hivyo, tukio lililotokea katika Chuo Kikuu cha Harvard Januari 2021 lilionyesha kwamba nafasi hiyo si ya heshima tupu. Lilizusha maswali mazito kuhusu mshauri anawajibika kwa nani, anapaswa kuwa mtu wa namna gani na ni nani mwenye uwezo wa kumwondoa.

Tofauti na bodi ya wadhamini

Bodi ya ushauri haina budi kutofautishwa na bodi ya wadhamini au ya wakurugenzi. Bodi ya wadhamini hubeba dhamana ya kisheria: hupitisha bajeti, huajiri na kufukuza watendaji, na huweza kufikishwa mahakamani iwapo fedha za asasi zimetumika vibaya.

Mjumbe wa bodi ya ushauri hana mamlaka hayo. Ushauri wake unaweza kufuatwa au kuachwa. Nguvu yake hutokana na elimu yake, jina lake na watu anaowafahamu.

Kazi zake za kawaida ni kupitia maandiko ya sera kabla hayajachapishwa, kuwaelekeza wanafunzi mahali pa kupata takwimu, kuwakutanisha na wabunge na madiwani, kusaidia kuchangisha fedha na kutunza kumbukumbu ya asasi. Kazi hii ya mwisho ina uzito wa pekee. Shahada ya kwanza nchini Marekani huchukua miaka minne, hivyo viongozi wanafunzi huondoka mara tu wanapoanza kuizoea kazi. Mshauri ndiye anayebaki akikumbuka yaliyojaribiwa na yaliyoshindikana.

Jukumu jingine ni kuwakinga vijana dhidi ya makosa ya kisheria. Tangu mwaka 1954, sheria ya kodi ya Marekani imeyazuia mashirika ya hisani yenye msamaha wa kodi kumfanyia kampeni au kumpinga mgombea yeyote. Asasi inayoandika kuhusu sera hutembea karibu na mstari huo kila siku, na mwanafunzi mwenye hamasa anaweza kuuvuka bila kujua.

Mfano wa Roosevelt

Mfano unaotajwa sana ni Roosevelt Institution, taasisi ya utafiti wa sera iliyoanzishwa na wanafunzi baada ya uchaguzi wa rais wa Novemba 2004, ambapo George W. Bush alimshinda John Kerry. Vyuo vikuu vya Stanford na Yale vilikuwa miongoni mwa chimbuko lake.

Hoja ya waasisi ilikuwa nyepesi kueleweka: vyuo vikuu huzalisha maelfu ya tafiti za wanafunzi kila mwaka, lakini nyingi huishia kwenye makabati baada ya kusahihishwa. Waliona kwamba fikra hizo zingeweza kuwafikia watunga sera iwapo zingehaririwa na kuchapishwa kwa lugha fupi.

Jina lenyewe lilibeba historia ya ushauri. Katika kampeni ya mwaka 1932, Franklin D. Roosevelt aliwategemea maprofesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakiwamo Raymond Moley, Rexford Tugwell na Adolf Berle, kumwandalia mawazo ya kuikabili mdororo mkuu wa uchumi. Maprofesa hao walishauri, lakini uamuzi ulibaki kwa mgombea.

Mwaka 2007 taasisi hiyo ya wanafunzi iliungana na Franklin and Eleanor Roosevelt Institute, shirika la watu wazima lililokuwa na mizizi Hyde Park, New York. Muungano huo uliwapa wanafunzi ofisi, fedha na watendaji wa kudumu. Kwa upande mwingine, mtandao wao wa matawi ya vyuoni ukawa sehemu ya shirika kubwa lenye uongozi wake. Hapo ndipo ulipo mtihani wa kila asasi ya vijana: msaada ukizidi, umiliki hupungua.

Kamati mbili za Harvard

Taasisi ya Siasa ya Harvard ilianzishwa mwaka 1966 kwa kumbukumbu ya Rais John F. Kennedy, aliyeuawa mwaka 1963. Lengo lake ni kuwavuta wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye siasa na utumishi wa umma.

Muundo wake una kamati mbili za ushauri. Moja ni ya wanafunzi, ambao huendesha programu nyingi za taasisi. Nyingine ni ya wakubwa, iliyowahi kuwajumuisha watu wa ukoo wa Kennedy na wanasiasa wa vyama vyote viwili vikuu. Miongoni mwa matunda ya ubunifu wa wanafunzi ni utafiti wa maoni ya vijana wa Marekani wenye umri wa miaka 18 hadi 29, ulioanza mwaka 2000.

Mvutano wa 2021

Elise Stefanik aliingia katika taasisi hiyo akiwa mwanafunzi na kufikia nafasi ya makamu wa rais wake. Alihitimu mwaka 2006, na mwaka 2014 akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi kwa tiketi ya Chama cha Republican akiwa na umri wa miaka 30. Baadaye alirejea kama mjumbe wa kamati ya wakubwa.

Katika kikao kilichoanza Januari 6, 2021, siku ambayo jengo la Bunge la Marekani lilivamiwa, alikuwa miongoni mwa wabunge waliopiga kura kupinga matokeo ya urais ya jimbo la Pennsylvania. Wanafunzi na wahitimu walisambaza waraka wa kutaka aondolewe. Mkuu wa Shule ya Kennedy, Douglas Elmendorf, alimwomba ajiuzulu, akakataa. Januari 12 Elmendorf alitangaza kumwondoa.

Elmendorf alisema hatua hiyo haikuhusu chama wala itikadi, bali madai ya Stefanik kuhusu udanganyifu wa kura yasiyo na ushahidi, pamoja na kauli zisizo sahihi kuhusu mashauri ya uchaguzi mahakamani. Stefanik alikishutumu chuo kwa kusalimu amri mbele ya mrengo wa kushoto.

Mjadala wa aina hiyo ulirejea Novemba 2024, baada ya Donald Trump kuchaguliwa tena. Rais wa wanafunzi katika taasisi hiyo aliandika kwenye gazeti la chuo akitaka iachane na msimamo wa kutofungamana na chama. Mkurugenzi wa wakati huo, Setti Warren, aliukataa wito huo.

Mipaka ya mshauri

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Matukio hayo yanaonyesha kwamba neno linaweza kuharibika hata wazee wakiwapo, iwapo mipaka haikuandikwa mapema.

Asasi inayojipanga vizuri huweka kwenye katiba yake muda wa ujumbe, utaratibu wa kumwondoa mjumbe, wajibu wa kutaja maslahi binafsi na kanuni kwamba neno la mwisho kuhusu maudhui ya andiko ni la wanafunzi walioliandika. Pale ambapo hayo hayapo, uamuzi huangukia kwa mwenye jengo na fedha, ambaye kwa kawaida huwa ni chuo chenyewe.