Barua pepe inapokataa neno la siri

TARAKILISHI ya nyumbani inapokataa neno la siri la barua pepe, wengi huliandika tena na tena hadi akaunti ikafungwa kwa muda. Heri kubainisha kwanza kosa liko wapi.

Mtumiaji ahakikishe kuwa kitufe cha Caps Lock hakijawashwa, kwani herufi kubwa na ndogo hazihesabiwi kuwa sawa. Kisha afungue kivinjari, aandike mwenyewe anwani ya huduma yake na kujaribu kuingia huko.

Akikubaliwa, akaunti ni nzima. Kasoro imo katika programu ya kusomea barua, kama vile Outlook au Thunderbird, ambayo huenda ingali inatumia neno la zamani. Alifute na kuingiza jipya. Programu kuukuu huweza kukataliwa hata neno likiwa sahihi: tangu Mei 30, 2022, Google ilianza kuzizuia zile zinazoingia katika Gmail kwa jina na neno la siri pekee. Dawa ni kuweka toleo jipya.

Akikataliwa, afuate hatua za kurejesha akaunti. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa nambari ya kuthibitisha hutumwa kwa simu waliyoisajili zamani. Laini iliyoachwa kwa muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine; hivyo basi, simu mpya isajiliwe kabla ya ile ya zamani kutupwa.

Nambari hiyo ya kuthibitisha asipewe yeyote, hata anayejidai kuwa mhudumu wa kampuni.